Beringi Nne za Landrova ya Babu

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Mfaranyaki, Songea, kupatana bei na mtu wa vyuma chakavu. Ndugu zangu wamekubaliana kwamba banda la gari livunjwe na mahali pake zisimame fremu tatu za maduka. Kwa kuwa ndani ya ukoo mimi ndiye najulikana kwa mdomo wa sokoni, nikapewa kazi ya kuondoa vyuma vilivyobaki. Kijana alikuja na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Akapima rundo la kwanza, nikamwambia apime tena. Akapima tena, akaniangalia, akasema, "Mama, chuma hakinenepi." Nikamwambia hata hivyo apime.

Tulikuwa tunakwenda vizuri, mimi nikipandisha na yeye akishusha, mpaka alipoinua ganda la giaboksi lililokuwa limelala pembeni chini ya gunia. Harufu ikatoka. Grisi ya zamani, mafuta ya taa, kutu. Hesabu yote niliyokuwa nayo kichwani ikapotea, nikamwambia achukue kila kitu kwa bei yake. Anayenijua akisikia hivyo ataniuliza kama naumwa. Wewe tumejuana siku nyingi, kaa nikueleze.

Wakati huo nilikuwa darasa la nne, na nyumbani tulikuwa watatu: bibi, baba na mimi. Mama alikuwa amefariki nikiwa mdogo, na kaka zangu walikuwa shule za bweni, wakirudi Desemba tu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Landrova ilikuwa ya babu, baba yake baba, ambaye aliendesha watu wa mtaa mzima kwenye harusi na misiba mpaka alipoondoka mwenyewe akiwa amebebwa humo humo. Baada ya hapo ikakaa bandani juu ya mawe manne, miaka saba, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mayai ya landrova tuliyahesabu kuwa matamu kuliko ya banda la kuku.

Juni yetu unaijua. Asubuhi ukungu umelala juu ya milima ya Matogoro kama blanketi ambalo hakuna mwenye haraka ya kulikunja, maji ya bomba yanachoma vidole, na sisi tumejikunyata jikoni kwa bibi tukisubiri uji wa ulezi. Jioni anakaanga dagaa wa Nyasa, harufu inafika barabarani, na majirani wanakumbuka ghafla kwamba walikuwa na shida na sisi. Bibi alipika akiwa amekaa, kwa sababu nyonga yake ilikuwa imegoma. Hakuweza kupanda basi. Alikuwa na dada yake mkubwa Madaba, amelala kitandani mwaka wa pili, na kila mgeni aliyepita akitokea huko alileta salamu zile zile: mwambieni mdogo wangu namngoja. Bibi alikuwa hajamwona kwa miaka sita. Alisema basi hawezi, pikipiki ndiyo kabisa, lakini ndani ya landrova ya mume wake angekaa, maana kiti kile kilikuwa kimeshajua mwili wake.

Ndipo baba alipoamua, likizo ya Juni, kuifungua landrova yote, kipande kwa kipande, na kuirudisha. Alimwahidi bibi kwamba kabla mahindi hayajaisha kukaushwa atakuwa amemfikisha Madaba.

Baba alijua magari kwa vitabu. Mikono yake ilikuwa ya chaki. Kwa hiyo akamleta fundi, Myao wa Tunduru, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma na vidole vilivyokuwa vyeusi hata Ijumaa. Alikuwa amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alilipwa kidogo, alilishwa sana, na sehemu iliyobaki alijilipa kwa utani.

Sisi Wangoni na Wayao ni watani, na hapo bandani ulifanyika utani wa kutosha mikoa miwili. Fundi akifika asubuhi, bibi anamwitikia marahaba na kumuuliza kama huko kwao Tunduru wameshajifunza kuvaa viatu. Fundi anajibu kwamba walijifunza, Wangoni wakapita wakaviiba. Baba anasema mababu zake walimbeba babu wa fundi ndani ya tenga. Fundi anasema ndiyo, na mpaka leo Wangoni wanalia migongo. Siku waliyofungua boneti wakakuta kiota cha panya juu ya injini, panya sita, wadogo, wekundu. Fundi akafunika kwa kofia yake, akainua sauti kuelekea jikoni.

"Mama, acha dagaa. Mboga ya Wangoni imepatikana, imekuja na kikaango chake."

"Ilete," bibi akajibu bila kugeuka. "Na wewe Myao ukae ule, maana huku korosho hazioti."

Kuna kanuni moja ya utani ambayo nataka uishike. Mtani hakatai. Ukimwambia ameiba mbuzi, haapi kwamba hakuiba. Anasema aliiba wawili na mmoja alikuwa na mimba. Akikataa ameuvunja utani, amekuwa mtu wa kawaida aliyetukanwa. Kila mtoto wa mtaani kwetu aliijua kanuni hiyo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Kila walichofungua kilipita kwangu: nati, bolti, washa, springi. Nilikuwa na makopo kumi na moja ya mafuta ya kupikia na maziwa ya unga, kila moja na karatasi yake: mlango wa kushoto, rejeta, giaboksi. Nilihesabu nikiweka, nikahesabu tena nikifunika. Fundi aliniita karani. "Karani, bolti za kichwa ngapi?" Nikimjibu, haendi kuangalia. Sijawahi kupewa cheo kilichonipendeza kama kile, na nimepewa vyeo viwili vitatu maishani, vingine vikiwa na kiti cha kuzunguka.

Fundi alikuwa na namna yake na beringi. Beringi, kwa asiyejua, ni zile pete za chuma zenye gololi ndani, ndizo zinazobeba mhimili ukizunguka. Alikuwa akiiosha kwa mafuta ya taa, anaikausha, anaipeleka sikioni, anaizungusha kwa kidole huku amefumba macho, kama mtu anayesikiliza saa. Nzuri hunong'ona. Iliyochoka hukoroma. Zilizokoroma alizitupa kwenye ndoo na kuniambia nizigawie watoto. Za giaboksi zilizofaa zilikuwa nne, mbili kati ya hizo baba alikuwa amezingoja wiki tatu zije na basi kutoka Dar es Salaam. Akazipaka grisi, akazifunga kwenye gazeti, akanikabidhi. Nikaandika kwenye kopo: beringi nne.

Watoto wa mtaani walikuwa na wazimu wa beringi. Kigari cha mbao bila beringi ni ubao tu. Ukiwa nazo unaketi juu, mwenzako anakusukuma, unashuka mteremko wa barabara ya udongo mwekundu mpaka chini kwenye kalavati, na mlio wake unasikika kabla hujaonekana. Ile ndoo ya fundi ikanifanya tajiri. Beringi moja mbovu niliuza kwa mapera ishirini. Mahitaji yalipopanda nikauza kwa thelathini, nikiyahesabu mbele ya mnunuzi na kuyakataa yenye funza. Kwa wiki mbili sikununua tunda wala sikuomba.

Tatizo lilikuwa moja. Nilikuwa nauza magurudumu lakini sikuwahi kupanda. Wavulana walisema kigari si cha wasichana. Siku moja jirani yetu, mvulana wa darasa la sita mwenye kigari kikubwa kuliko vyote, akanijia akisema beringi zangu zinakoroma. Anataka za mbele mbili zinazonyamaza. Nikamwambia zipo, lakini hizo haziuzwi kwa matunda. Tukakaa kwenye mzizi wa mparachichi tukapatana kama watu wazima. Nilianza kwa kutaka kigari chote. Tukamalizia kwa nusu: siku tatu kwa wiki changu, siku tatu chake, Jumapili cha atakayetoka kanisani wa kwanza. Nilirudi nyumbani nikijiona nimempiga.

Nilifungua lile gazeti, nikatoa mbili kubwa. Nilijiambia giaboksi haitafungwa kabla ya mwezi kuisha, nitazirudisha. Sikuona kama naiba. Niliona nakopesha.

Sitakudanganya, zilikuwa siku tisa tamu. Upepo wa Juni unakutoa machozi, udongo unakuingia mdomoni, na chini yako zile beringi za Dar es Salaam zinateleza kimya mpaka watoto wengine wanaacha vigari vyao kusikiliza ukimya wetu. Siku ya tisa hazikuwa kimya tena. Zilikuwa na sauti ya mtu anayetafuna mchanga.

Siku hiyo hiyo ndipo ulipoletwa ujumbe kutoka Madaba kwamba dada yake bibi amezidiwa. Baba akasema safari ni Jumamosi, liwalo na liwe. Nikamkimbilia jirani, nikampa beringi mbovu tano na haki zangu zote za kigari, akanirudishia mbili zangu. Nikaziosha kwa mafuta ya taa mara tatu. Mara ya tatu mafuta bado yalikuwa mekundu. Nikazijaza grisi mpaka zikanyamaza, nikazifunga kwenye gazeti lile lile, kwa mikunjo ile ile, nikazirudisha koponi. Nikahesabu. Nne. Nikahesabu tena. Nne.

Ijumaa mchana fundi alinawa mikono akaenda msikitini. Baba hakutaka kungoja. Akaziweka beringi mwenyewe, akizigonga taratibu kwa kipande cha mbao, na fundi aliporudi akakuta giaboksi imefungwa, imebaki kupandishwa.

"Umezisikiliza?" fundi akauliza.

"Zimehesabiwa mara mbili," baba akasema, akinionyesha mimi kwa spana.

Fundi akanitazama, akacheka. Akasema Mngoni anajua kugonga tu, kusikiliza hana masikio, bahati yake ana karani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema, hata bolti za kupandishia zilikuwa bado mkononi mwangu. Nikampa moja moja, kwa idadi.

Jumamosi bibi alivaa kitenge kipya. Majirani walitoka nje kuiona landrova ikipita, imepakwa rangi ya kijani kwa brashi, mistari ya brashi inaonekana, lakini inang'aa. Bibi alikaa mbele na kikapu cha unga wa ulezi na kuku wawili wa dada yake. Aliinua mkono kila nyumba, hata zile asizosalimiana nazo. Baba aliendesha, fundi na mimi tulikaa nyuma. Nilikuwa nasikiliza chini ya miguu yangu. Kwa muda mrefu palikuwa kimya nikaanza kumshukuru Mungu, na hata kupatana naye kidogo.

Tulipopita Gumbiro ilianza kukoroma. Fundi akainua kichwa. Kwenye mpando uliofuata kikasikika kishindo kimoja kama jiwe limetupwa ndani ya debe, na landrova ikasimama, magurudumu yamekaza. Baba alizima, akawasha, akazima. Kuku tu ndio walikuwa wanauliza.

Fundi akafungua shafti magurudumu yakaachia, tukakaa pale mpaka lori la mahindi lilipokubali kutuvuta. Lilikuwa linaelekea Songea, si Madaba. Bibi alikataa kuteremka. Alivutwa kurudi nyumbani akiwa amekaa mbele, kikapu mapajani, anaangalia kioo. Nilitegemea atalia. Ingekuwa nafuu.

Jumapili baada ya misa wakaifungua giaboksi. Beringi kubwa mbili zilikuwa zimevunjika, gololi zimetapakaa. Fundi alichovya vidole kwenye grisi, akaisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada, muda mrefu. Huko nje kigari kilikuwa kinashuka barabarani kwa kelele. Akageuza kichwa kuelekea kelele, kisha kwangu, kisha akafuta vidole kwenye suruali.

Majirani wanne watano walikuwa wamejaa mlangoni wakitoa pole. Baba akajaribu kuchangamka mbele yao.

"Jamani, huyu Myao amenibadilishia beringi. Mpya kauza, kaniwekea za babu yake."

Kwa mjini, unajua, hilo ni kosa kubwa kuliko yote ambalo fundi anaweza kusingiziwa. Lakini ulikuwa utani, na utani una jibu lake.

"Nimeuza," fundi akasema. "Mbona mbili tu, ningechukua na usukani. Nimejengea nyumba Tunduru, ya bati, ina veranda."

Watu wakacheka sana. Baba naye alicheka. Mimi nilicheka kuwazidi wote, na nikaona fundi ananiangalia nikicheka.

Siku ya tano dada yake bibi akafariki. Tulikwenda kuzika kwa gari la kukodi, bibi amelazwa juu ya godoro nyuma. Alifika akakuta jeneza limefungwa. Aliomba lifunguliwe, wakamfungulia, akamtazama dada yake kwa muda kama mtu anayesoma barua, akasema, "Nilikuwa njiani." Sijui kama nimewahi kusikia maneno mawili mazito kama hayo. Nimejaribu.

Tuliporudi Songea mtaa ulikuja kutupa pole. Fundi naye akaja, na kwa kuwa ni mtani, akaja na kazi yake. Msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha. Ndiye anayemtoa mfiwa machozi ya pili, ya kicheko. Akaketi miguuni pa bibi akaanza kulalamika kwamba marehemu amekufa na deni lake, alimwahidi mke. Bibi midomo ikaanza kutikisika, alikuwa karibu kucheka. Baba akasimama.

"Ungeacha zile beringi," akasema, "mama angemkuta dada yake hai."

Fundi akadhani bado wanacheza. "Ningeacha, veranda ningepaua na nini?"

"Sitanii."

Fundi akainuka taratibu, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mwalimu," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mimi sijachukua beringi yako."

"Ulisema mwenyewe. Mbele ya watu wote hawa. Ulisema umeuza."

Hapo ndipo fundi wa watu alipokamatwa. Kama angekuwa Mhaya au Mchaga angekataa tangu Jumapili ile, akaapa, akaita mashahidi. Yeye alijibu kama mtani anavyojibu, na sasa jibu lake lilikuwa linashikwa kama maelezo ya polisi. Aliwaangalia wale majirani waliocheka mlangoni. Kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kutazama kwenye udongo.

Kisha baba akaniita. Nilipita katikati ya watu.

"Beringi zilikuwa ngapi kwenye kopo?"

"Nne, baba."

"Ulihesabu?"

"Mara mbili."

Sikusema uongo hata mmoja. Nimeishi na utetezi huo miaka yote hii, na nimeupima kila upande, na kila nikiupima unazidi kupungua.

Fundi aliomba kitu kimoja tu. Alisema vifaa vyake vipo bandani, anataka kuvichukua, lakini asije akasemwa ameondoka na cha mtu. "Karani anihesabie." Nikaenda naye. Baba akasimama mlangoni. Fundi akawa anaweka kimoja kimoja kwenye gunia, anakiinua kwanza nikione: spana, bisibisi, nyundo ndogo, kile kijiti chake cha kusukumia gasketi. Nikahesabu kwa sauti. Ishirini na tatu. Akavimwaga vyote chini, akasema, "Rudia." Nikarudia. Ishirini na tatu. Akafunga gunia, akaliweka begani, akaenda stendi. Chumba chake akakiacha kikiwa kimelipwa mpaka mwisho wa mwezi.

Landrova haikufungwa tena. Baba alikuwa akiingia bandani siku mojamoja, anasimama, anatoka. Bibi aliishi miaka miwili zaidi na hakumtaja fundi, isipokuwa mara moja alipokuwa anakaanga dagaa akauliza, bila kumlenga mtu, ni nani sasa wa kumwambia mboga imepatikana. Baba alisukuma sahani yake akatoka nje. Kwa upande wangu niliacha kuhesabu makopo, lakini tabia ya kuhesabu ikahamia kwenye vitu vingine, na ndiyo iliyonifanya mfanyabiashara. Watu husema ni kipaji.

Baba alifariki miaka sita iliyopita. Msiba tuliuweka pale pale Mfaranyaki, viti vya kukodi, maturubai mawili, mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Asubuhi ya mazishi akaingia mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma, ametoka Tunduru na basi la alfajiri. Wazee wa mtaa walimtambua wakaanza kugongana viwiko. Walijua kinachofuata. Mtani amekuja, sasa atalala mlangoni kuzuia jeneza, atamwigiza marehemu alivyokuwa anashika spana kama anashika chaki, ataomba alipwe ndipo mwili utoke. Hata waliokuwa wanalia walisogea kumwona.

Fundi akatoa mkono kwa kila mtu, akasema pole, akaketi safu ya tatu.

Nilimfuata alipokwenda kuchukua maji nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Poleni."

Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa miaka mingi, marefu, yenye mwanzo mzuri. Yalitoka mafupi. Nikamwambia zile beringi ni mimi.

"Najua," akasema. "Grisi ilikuwa na mchanga mwekundu. Fundi mwizi analeta beringi iliyochoka, haleti iliyoshushwa mteremko."

"Mbona hukusema?"

"Nimshitaki mtoto kwa baba yake, ili iwe nini?" Akanywa maji, akamwaga yaliyobaki. "Mchanga ule baba yako aliuona. Tulikuwa tumeinama wote wawili. Nilikuwa nangoja aniulize mimi kabla hajanituhumu."

Nikaomba anisamehe. Alisema alinisamehe kabla hajafika stendi. "Wewe ulikuwa mtoto, karani. Yeye alikuwa mtani wangu."

Nikamwambia watu wanamngoja pale mbele, amtanie baba hata kidogo, hata neno moja. Akafikiri kweli, nikaona anatafuta. Kisha akatikisa kichwa. "Mdomo hautaki."

Sasa nikueleze sehemu ambayo sijamweleza mtu. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa familia. Nilipewa kipaza sauti mbele ya mtaa mzima, na waliosikia kashfa ya beringi walikuwa bado hai wengi, nimekaa nao, nawajua. Sentensi moja ingetosha kumsafisha. Nikamshukuru padri. Nikaishukuru jumuiya, majirani, waliopika, waliochimba. Nikafika safu ya tatu, nikamwona amekaa na mikono magotini, ananitazama kama alivyokuwa ananitazama nikimtajia idadi ya bolti. Nikasema, "Na rafiki wa marehemu aliyetoka mbali, kutoka Tunduru." Nikaendelea na ratiba.

Rafiki. Akainamisha kichwa kidogo, kama mgeni anavyotakiwa. Jeneza lilipotoka mlangoni hakuna aliyelizuia. Alitupia udongo wake, akaondoka na basi la mchana.

Tangu hapo tumezika wengine wawili katika familia, na hakuna Myao aliyelala mlangoni kwetu. Watoto wangu hawajui mtani ni nini. Wanadhani ni watu wa timu mbili za mpira wanaotumiana vibonzo kwenye simu. Misiba yetu inakwenda kwa saa, viti vimepangwa, hakuna anayepiga kelele. Mwaka jana jirani mmoja, mtu mzima, alinishika mkono baada ya mazishi akanipongeza. Akasema misiba ya kwetu ina utulivu sana, huuoni kwingine mtaani. Nikamshukuru. Sikumwambia utulivu huo uliletwa na nani.